Mtoto na Kamera katika Ufuko wa Ziwa Tanganyika

Mtoto aliyepewa kamera kwa mara ya kwanza aghalabu humkimbilia mnyama. Yangeyange aliyekuwa ametulia mchangani huko Ujiji huruka, na kinachobaki katika picha ni mchanga mtupu na nukta nyeupe juu ya maji. Mzazi hudhani kwamba kamera ni duni, akaanza kuulizia bei ya nyingine iliyo bora zaidi. Lakini kosa si la chombo. Kupiga picha za wanyama wa porini ni kazi ya uchunguzi kwanza. Kamera hufuata baadaye, ili kuhifadhi ushahidi wa kile ambacho macho yamekwisha kujifunza kukiona. Ushahidi mkubwa wa jambo hili unapatikana mkoani Kigoma kwenyewe.

Tarehe 14 Julai 1960, Jane Goodall, Mwingereza mwenye umri wa miaka 26, aliwasili Gombe, kiasi cha kilomita 16 kaskazini ya mji wa Kigoma. Kwa miezi mingi sokwe walimkimbia mara walipomwona. Alivaa nguo zisizong'aa, akaketi juu ya kilima pamoja na darubini na daftari, akawaacha wamzoee polepole. Mwezi wa Novemba 1960 alimwona sokwe dume, aliyempa jina la David Greybeard, akichomeka ubua wa nyasi ndani ya kichuguu na kuvua mchwa. Kabla ya hapo wataalamu wengi walishikilia kwamba binadamu peke yake ndiye atengenezaye zana na kuzitumia.

Habari nzito namna hiyo ilihitaji picha. Hata hivyo, shirika la National Geographic lilipotaka kumpeleka mpiga picha, Goodall hakukubali, kwa kuwa mgeni angeweza kuwatisha sokwe na kubatilisha kazi ya miezi mingi. Mwaka 1961 alikuja mdogo wake, Judy, kujaribu kupiga picha hizo, naye alipata chache tu. Mwaka 1962 ndipo alipofika Hugo van Lawick, na wakati huo David Greybeard alikuwa amekwisha kuwazoea watu. Picha za van Lawick zilichapishwa Agosti 1963, na kutoka hapo Gombe ikajulikana duniani kote. Yafaa mwalimu awaeleze wanafunzi mpangilio huo wa mambo, kwani picha zenyewe, zikitazamwa leo, hazionyeshi muda uliotumika kuzisubiri.

Haifuati kwamba mtoto aanzie Gombe. Watoto wadogo hawaruhusiwi kufuatilia sokwe, na sababu yake ni ya kisayansi. Mwili wa sokwe unafanana mno na wa binadamu, hivyo maradhi ya binadamu humpata kwa urahisi. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwaua na kuwalemaza baadhi ya sokwe wa Gombe, na magonjwa ya njia ya hewa yameendelea kuwaua sokwe wa huko na wa Mahale. Kikohozi cha mtoto mwenye mafua, ambacho nyumbani ni jambo dogo, msituni chaweza kuwa msiba. Kwa hiyo mwanafunzi na aanzie ufukweni, ambako ndege huja wenyewe kuifuata samaki na dagaa. Midomo ya mito, kama ule wa Malagarasi, si mahali pa mtoto, kwa sababu ya mamba na viboko. Na popote penye maji mtu mzima awe karibu.

Mdiria mweusi-na-mweupe anafaa sana kwa somo la kwanza. Ana urefu wa sentimita 25 hivi, hupenda kurudi kwenye kituo kilekile, iwe ni mti au mtumbwi uliotia nanga, na huweza kuelea hewani mahali pamoja akipigapiga mabawa kabla ya kujitupa majini. Mtoto amtazame kwa siku kadhaa bila kamera. Atakapoweza kutabiri ndege atatua wapi, basi amekwisha kupata nusu ya picha.

Baada ya hapo ndipo hesabu huingia. Ukubwa wa taswira ndani ya kamera hupatikana, kwa kukadiria, kwa kuzidisha urefu wa kitu kwa urefu wa fokasi wa lenzi, kisha kugawanya kwa umbali. Lenzi ya kawaida ya kamera ya filamu ina fokasi ya milimita 50. Mdiria aliye umbali wa meta 10 atatoa taswira ya milimita 1.25 tu, katika fremu yenye upana wa milimita 36. Ndiyo ile nukta! Lenzi ya milimita 300 ingetoa milimita 7.5, lakini bei yake ni kubwa mno kwa kaya nyingi. Mtoto aliyejificha nyuma ya mtumbwi uliopandishwa nchi kavu, akamsubiri ndege aje umbali wa meta 3, atapata zaidi ya milimita 4 kwa lenzi ileile ya kawaida. Kukuza picha kwa kidole juu ya kioo cha simu hakuongezi chochote ambacho lenzi haikukipokea.

Mwendo nao una hesabu yake. Ndege apitaye mbele ya kamera kwa kasi ya meta 5 kwa sekunde husogea karibu sentimita 17 katika muda wa 1/30 ya sekunde, na sentimita 1 tu katika 1/500. Muda mfupi huhitaji mwanga mwingi, na kuhusu mwanga Kigoma imebahatika kwa namna yake. Ziwa liko upande wa magharibi. Asubuhi, jua likiisha kupanda juu ya vilima, mtu anayetazama ziwa hulipa jua kisogo, na kila unyoya wa ndege huonekana. Jioni jua hushuka upande wa Kongo, na ndege yuleyule huwa kivuli cheusi mbele ya maji yanayong'aa: picha ya kupendeza ukutani, ila haimfai mtafiti.

Picha isiyo na maelezo huwa pambo tu. Katika daftari mtoto aandike tarehe, saa, mahali, umbali, na ndege alikuwa akifanya nini. Mdiria dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja, ambao mara nyingi umekatika katikati. Kwa hiyo hata picha ya mwanafunzi yaweza kuonyesha ni yupi aliyeleta samaki na ni yupi aliyempokea. Kamera isipokuwapo, mchoro wa penseli wenye maelezo hayo hayo wakubalika.

Zoezi. Furukombe mwenye urefu wa sentimita 70 ametua juu ya mti, meta 35 kutoka kwa mwanafunzi mwenye kamera ya lenzi ya milimita 50. (a) Tafuta urefu wa taswira yake. (b) Mwanafunzi asogee hadi umbali gani ili taswira iwe na urefu wa milimita 5? (c) Eleza dalili zitakazoonyesha kwamba furukombe ameanza kuhangaika kabla mwanafunzi hajafika hapo, na mwanafunzi afanye nini azionapo.