Filamu za Kutisha Zisizo na Damu kwa Siku za Marehemu

Usiku wa tarehe 31 Oktoba, uitwao Halloween huko Marekani na Uingereza, ndio mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote. Tarehe 2 Novemba Wakatoliki wa Iringa na Mbeya huwaombea marehemu wao, na wengi huenda makaburini. Siku hizo runinga na simu hujaa filamu za kutisha, nyingi zikiwa za visu na damu. Makala haya yanapendekeza tatu zisizo na umwagaji damu, na kueleza kwa nini tofauti hiyo inahusu afya.

Hofu ya kawaida huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Hofu ya damu na majeraha ina tabia ya pekee: kwa baadhi ya watu mapigo hupanda kwa muda mfupi, kisha hushuka ghafla pamoja na shinikizo, ubongo ukapungukiwa damu, na mtu akazirai. Mara nyingi hali hii hurithiwa katika ukoo, wala si aibu. Anayehisi dalili zake akaze misuli ya mikono, miguu na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15, alegeze kidogo, kisha arudie. Hivyo shinikizo halishuki upesi.

Nyanda za Juu Kusini zina sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Mumiani, neno lililotoka Uajemi likiwa jina la dawa, limekuwa kwetu jina la mnyonya damu wa uvumi. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 habari za wachuna ngozi zilitia hofu Mbeya. Mji huohuo ndio makao ya kituo cha kanda cha Damu Salama. Kwa maoni yetu, anayelala na picha za damu kichwani hatanyoosha mkono kesho kwa moyo mweupe ili achangie.

Ya kwanza, na bora kuliko zote kwa wahudumu wa afya, ni *Kirikou et la Sorcière* (1998), katuni ya Michel Ocelot yenye asili ya ngano za Afrika Magharibi. Kijiji kizima kinaamini kuwa mchawi Karaba amekausha chemchemi na kuwala wanaume. Kirikou, mtoto mdogo mno, hakubali wala hakatai. Anauliza kwa nini. Anaingia mwenyewe ndani ya chemchemi na kukuta mnyama aliyeyanywa maji. Mwishowe anagundua kuwa Karaba ana mwiba wenye sumu mgongoni, na ukali wake ni maumivu. Nchini mwetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa macho mekundu tu, ambayo moshi wa kuni unatosha kuyaleta. Itazameni pamoja na wagonjwa, kisha mzungumze.

*Kati Kati* (2016), ya Mbithi Masya wa Kenya, ni ya watu wazima. Kaleche anazinduka nyikani asijue alivyofika, na wenyeji anaowakuta wote wamekwisha kufa. Inatisha kwa ukimya wake. Aliyefiwa majuzi asubiri kwanza.

*Coco* (2017) inampeleka kijana Miguel wa Mexico kwa wafu, ambao hutoweka kabisa walio hai wakiwasahau. Mnyakyusa atawakumbuka abasyuka, wazimu wa ukoo. Umoja wake, nsyuka, Mussa Banzi aliufanya jina la filamu yake ya kutisha, ambayo watoto wasionyeshwe. Hata Coco ina mifupa mingi: mtoto wa chini ya miaka 8 huogopa anachokiona, na maelezo humsaidia kidogo tu. Akae karibu na mzazi.

Kwa kuwa Kirikou na Coco ni za lugha za kigeni, mmoja nyumbani awe mtafsiri, kama Lufufu wa vibanda vya video, lakini asiongeze vitisho vyake. Mwenye kifafa asikeshe kwa filamu yoyote, kwani kukosa usingizi ni mojawapo ya vichocheo vya ugonjwa huo. Ianze saa kumi jioni, iishe kabla ya chakula cha usiku.