Jina la Kampuni Limo Mkononi mwa Mtumishi

Ndugu msomaji, watu wengi hudhani ya kuwa maisha ya mtu yamegawanyika sehemu mbili: ya kazini, ambayo mwajiri ana haki ya kuiuliza, na ya nyumbani, ambayo haimhusu mwingine. Husema: "Mimi ni mfanyakazi hodari, nifanyayo baada ya saa za kazi ni shauri langu." Je, neno hili ni sahihi? Na tulipime kwa mambo yaliyotokea katika nchi ya Wasukuma, hasa wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga.

Kishapu inajulikana kwa almasi ya Mwadui na kwa pamba. Vitu hivi viwili havifanani, lakini vyote hupimwa kwa mizani, na thamani yake humtegemea mwenye kupima.

Mgodi wa Mwadui uligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada. Mwaka 1947 ilipatikana humo almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, ambayo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Ilipokatwa ikabaki karati 23.6. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Basi jiwe lile mashuhuri, kabla ya kukatwa, halikufika hata gramu 11, na lingeweza kufichwa katika kiganja cha mtoto! Ua, taa na upekuzi husaidia, lakini mwisho wa yote mlinzi wa jiwe dogo namna hiyo ni moyo wa aliyelishika. Na moyo huo hauvuliwi langoni kama koti. Mtu aliyejifunga madeni kwa ulevi au kamari huingia kazini pamoja na madeni yake, na anayetaka kumnunua anajua bei yake. Hivyo maisha ya nyumbani yamekwisha fika kazini.

Sasa tutazame pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walilalamika kuwa wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakiongozwa na Paul Bomani, waliunda vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955 ukazaliwa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria, ambao ulikua hata ukahesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika. Lakini mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza malalamiko juu ya vyama vya ushirika nchini: wizi, hesabu mbovu, na kuajiri watu kwa udugu. Baadaye muungano ule uliwekwa chini ya usimamizi wa serikali, na mwaka 1968 ukaundwa upya kwa jina jingine. Ajabu iliyoje! Chombo kilichozaliwa kwa kuchukia mizani ya uongo kilipoteza jina lake kwa sababu baadhi ya watumishi wake walifanya yale yale. Mkulima aliyepunjwa hakusema, "Karani fulani ameniibia." Alisema, "Ushirika umeniibia." Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Turudi Mwadui. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa na asilimia 75 ya hisa za mgodi, ilitangaza makubaliano ya pauni milioni 4.3 ya kumaliza madai ya watu 71, fedha zilizojumuisha pia gharama za sheria na miradi ya jamii. Bila kukubali dhima ya kisheria, kampuni ilikiri kwamba yalikuwa yametokea matukio ya vifo, majeraha na kutendewa vibaya kwa watu walioingia eneo la mgodi kuchimba bila kibali, katika shughuli za ulinzi zilizokuwa mikononi mwa kampuni nyingine yenye mkataba. Fikiri, ndugu yangu: lililotendwa gizani kando ya ua wa Kishapu lilisomwa London kwa jina la kampuni.

Kampuni haina mikono wala ulimi. Mikono yake ni yako, na ulimi wake ni wako. Ndiyo maana Kurani Tukufu imeweka sura nzima, ya 83, yenye jina la wapunjao vipimo. Naye Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w., kabla hajapewa utume, aliitwa na watu wa Makka Al-Amin, yaani Mwaminifu, na kwa sifa hiyo Bibi Khadija alimkabidhi mali yake aende nayo kufanya biashara Sham. Alikabidhiwa biashara kwa sababu ya mwenendo wake uliojulikana mitaani.

Basi tushike mambo matatu. Kwanza, tuishi kwa kadiri ya mapato yetu, ili asiwepo wa kutununua. Pili, tusifanye dhuluma kwa kisingizio cha kuagizwa. Mkono uliopiga ni wa aliyepiga, na mdomo ulioagiza nao una hesabu yake. Tatu, tusifiche uovu kwa kusema tunalinda jina la kampuni. Hilo ni kufunika kidonda kwa kitambaa cheupe: kitambaa kitapendeza siku mbili, kisha harufu itawaita watu. Anayesema kweli mapema, hata akichukiwa na wakubwa wake, ndiye anayelinda jina hilo, kwani aibu isemwayo na wenyewe hutibika upesi kuliko ile inayofichuliwa na wengine.

Huenda mtu akapoteza kazi kwa ajili ya ukweli, na hilo si jambo dogo kwa mwenye watoto. Lakini kazi ikipotea hutafutwa nyingine. Uaminifu ukipotea, mtu huupeleka upungufu huo kila aendako.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu tunapoonekana na tusipoonekana. Amin.