Kufundisha Sayansi kwa Ziara: Mfano wa Msitu wa Jozani

Utangulizi

Walimu wengi huwapeleka wanafunzi kwenye hifadhi kana kwamba wanawapeleka karamuni. Watoto hupiga kelele, hula, huona kima wawili watatu, kisha hurejea nyumbani. Kesho yake wakiulizwa walichojifunza, hutaja majina ya wanyama ambayo wangeweza kuyasoma kitabuni. Hayo ni matembezi, si somo. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanachuo namna ya kuigeuza ziara kuwa somo, kwa mfano wa Jozani, Unguja.

Mahali penyewe

Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliundwa mwaka 2004, na eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 50. Inaifaa shule ya msingi kwa kuwa mazingira ya namna tatu yamekaribiana, hata darasa laweza kuyaona yote kwa siku moja. Kwanza, upo msitu mrefu, ambamo maji ya ardhini yako karibu na uso wa nchi. Humo hustawi mitondoo na michikichi. Pili, upo uwanda wa mawe ya matumbawe ya kale, wenye udongo haba na vichaka vifupi. Tatu, ipo mikoko ya upande wa Pete, ambako maji ya chumvi hujaa na kupwa.

Maandalizi

Hapana budi mwalimu aende kwanza peke yake. Aombe ruhusa, aipime njia kwa miguu yake, na achague vituo vitatu. Siku ya ziara ichaguliwe kwa kufuata maji, ili wanafunzi wafike mikokoni wakati wa kupwa, mizizi iwe wazi. Darasa ligawanywe katika vikundi vya watoto sita sita, kila kikundi kiwe na daftari na penseli. Vikundi vyote vipewe swali moja tu: Kiumbe hiki kinapata nini hapa ambacho hakipati pale?

Wakati wa ziara

Katika kila kituo watoto wakae kimya kwa dakika kumi kabla ya kuandika. Msituni waangalie udongo kando ya njia na urefu wa miti. Uwandani waangalie jinsi mizizi inavyopenya nyufa za mawe. Mwalimu asieleze upesi kwa nini miti ya kule ni mirefu na ya huku ni mifupi, awaache walinganishe. Mikokoni wachore mizizi ya mkoko, iliyosimama kama magongo, na ya mchu, iliyochomoza topeni kama penseli. Kisha awaulize: mzizi unatafuta nini juu ya tope? Mtoto akigundua kwamba ni hewa, hatasahau.

Asili ya kima punju ni Unguja peke yake. Watoto wamtazame anavyoshika tawi, wahesabu vidole vyake. Watagundua kwamba kidole gumba hakionekani. Waangalie kama anakula majani, maua au matunda mabichi. Wasimguse wala wasimpe chakula, kwani maradhi ya binadamu huweza kumpata.

Baada ya ziara

Hapa ndipo mwalimu anapopimwa. Katika vijiji vya jirani wamo wazazi wanaolalamika kwamba kima punju humaliza nazi zao. Mtoto wa mkulima akisema, "Baba anasema huyu ni adui," mwalimu asimnyamazishe wala asimcheke. Ayaandike maneno hayo ubaoni na kuuliza: tutajuaje?

Swali hili limekwisha kuchunguzwa. Utafiti uliofanywa Jozani na kuchapishwa mwaka 1999 ulihesabu nazi changa zilizoliwa na kuzilinganisha na mavuno. Haukuona kwamba minazi iliyoliwa zaidi ilizaa kidogo. Mavuno yake yalielekea kuwa makubwa zaidi. Watafiti walieleza kwamba huenda kima huipunguzia minazi mzigo, kama mkulima apogoavyo. Watoto wajue pia kwamba mnazi wenyewe huangusha vidaka vingi. Lakini jibu hilo ni la nazi tu. Mkulima ayaonaye mazao yake mengine yameliwa ana haki ya kusikilizwa, na malalamiko yake nayo yachunguzwe kwa kuhesabu.

Kwa njia hii mwanafunzi hutenga mambo matatu: aliloliona, alilolisikia, na lililothibitishwa. Kila kikundi kiandike ripoti yenye safu hizo tatu, nayo ndiyo itumike kupima maendeleo yao.

Mazoezi kwa mwanachuo

1. Tayarisha andalio la somo la ziara kwa Darasa la Tano katika msitu, ziwa au pwani iliyo karibu na chuo chako.

2. Taja malalamiko mamoja ya wakulima wa kwenu juu ya mnyama wa porini. Eleza jinsi wanafunzi wanavyoweza kuyachunguza kwa kuhesabu.