Kidonge cha nguvu za kiume na bia: hatari iko kwenye chupa ya tatu

SWALI: Daktari, mimi ni mwanamume wa miaka 52. Nina presha na nameza amlodipini kila siku. Kwa mwaka mmoja sasa nguvu za kiume zimepungua, na rafiki yangu amenielekeza vidonge anavyonunua bila cheti. Shida ni kwamba kila Jumamosi nakunywa bia na wenzangu. Wapo wanaosema nikichanganya nitakufa, wapo wanaosema wanachanganya miaka yote na hawajaona lolote. Nimwamini nani? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, kila upande umeshika kipande cha ukweli. Si kweli kwamba kila anayemeza kidonge hicho juu ya bia anaanguka, na daktari anayekutisha hivyo anajiharibia, kwa sababu siku utakapomwona jirani yako amechanganya na kuamka salama hutamsikiliza tena kwa lolote. Lakini wenzako nao wanasahau kwamba usalama wao umesimama juu ya mambo matatu: kiasi cha pombe, afya ya mnywaji, na uhakika wa kilichomo ndani ya kidonge. Yakitimia yote matatu, hatari ni ndogo. Kwa maelezo yako, mawili tayari yana walakini, na la kwanza linategemea Jumamosi yenyewe ilivyokwenda.

Sildenafili, mojawapo ya dawa za vidonge hivyo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa jina la Viagra, ilianza kutafitiwa Uingereza kama dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Kazi yake kitandani iligundulika njiani, wanaume waliokuwa kwenye majaribio walipoanza kueleza mabadiliko ambayo hayakutarajiwa. Nimeyataja haya kwa sababu watu wengi huidhania kuwa dawa ya kiungo kimoja, kumbe ni dawa ya mishipa ya damu. Huzuia kimeng'enya kinachovunja kemikali ya kulegeza misuli ya mishipa, hivyo mishipa hutanuka na damu hupita kwa wingi. Kutanuka huko hakuishii kiunoni. Kwa watu wazima wenye afya, kidonge cha miligramu 100 hushusha namba ya juu ya presha kwa wastani wa pointi nane hivi. Pombe nayo hutanua mishipa. Amlodipini yako, ambayo kazi yake ndiyo hiyohiyo, ikikutana na sildenafili, presha hushuka zaidi kwa wastani wa pointi nane juu na saba chini. Kwa hiyo Jumamosi usiku mwilini mwako kutakuwa na vitu vitatu vinavyosukuma presha upande mmoja, na moyo peke yake unavuta upande wa pili.

Sasa tuangalie ushahidi wenyewe, maana hauko upande mmoja. Watu wenye afya waliopewa sildenafili ya miligramu 50 pamoja na pombe ya kufikisha kileo asilimia 0.08 kwenye damu hawakuonekana kushuka presha zaidi kuliko walivyoshushwa na pombe yenyewe. Hoja hiyo ni ya wenzako, nami nawaachia. Tadalafili, dawa ya jamii hiyohiyo inayojulikana zaidi kwa jina la Cialis, ilipimwa kwa viwango viwili. Waliokunywa gramu 0.6 za kileo kwa kila kilo ya uzito hawakuonyesha presha kushuka wanaposimama. Kwa waliofikishwa gramu 0.7, wengi zaidi walishuka presha kuliko walipokunywa pombe peke yake, na baadhi walishikwa na kizunguzungu waliposimama. Tupige hesabu ya baa. Bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia tano ina takriban gramu 20 za kileo. Mwanamume wa kilo 70 anafika gramu 42 akimaliza chupa mbili na kuonja ya tatu, na anafika 49 akiwa katikati ya hiyo ya tatu. Chupa ndogo ya konyagi ya mililita 200, yenye kileo cha asilimia 35, inampitisha hapo peke yake, kwani ina gramu 55. Ni kweli kwamba kwenye majaribio hayo pombe ilimezwa ndani ya dakika kumi, na wewe huenda unaivuta jioni nzima. Lakini waliopimwa pia hawakuwa na presha ya kutibiwa, na dawa waliyopewa ilijulikana kwa miligramu.

Utasema: wenzangu wanavuka chupa tatu kila wiki na wako hai. Sawa, lakini tujiulize wangejuaje kama kuna kinachowapata. Kidonge hiki huleta kichwa kuuma, uso kuwaka, mapigo ya moyo kwenda mbio na kizunguzungu. Pombe huleta hayohayo. Mwili unapotoa onyo, mnywaji husema bia zimemkolea, analala, na asubuhi anaita uchovu wa pombe. Madhara mengi ya mchanganyiko huu hayaonekani kama ugonjwa. Ni mtu aliyeamka usiku kwenda chooni, kwa kuwa bia humpeleka chooni mara nyingi na kumpunguzia maji mwilini, akasimama ghafla, giza likamjaa machoni, akajigonga kwenye sinki. Kesho yake hadithi itakuwa kwamba aliteleza. Au ni mtu aliyepanda bodaboda akiwa tayari hana usawa. Hakuna atakayehesabu kidonge katika visa hivyo, kwa hiyo kusema "hatujaona lolote" hakuthibitishi kwamba hakuna lililotokea.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mnyororo unaoanza na ile imani kwamba pombe hutoa woga. Glasi ya kwanza pengine hulegeza aibu, sitabisha. Baada ya hapo pombe hupoozesha mishipa ya fahamu, na hapo ndipo kazi ya kidonge inapokwama, kwa sababu kidonge hakitengenezi hamu. Husubiri mishipa ya fahamu itoe ishara ya msisimko, ndipo kikuze matokeo yake. Ishara ikiwa dhaifu, hakina cha kukuza. Ongeza hapo sahani ya kitimoto au nyama choma yenye mafuta: chakula cha mafuta mengi huchelewesha sildenafili kuingia kwenye damu kwa takriban saa moja na kupunguza kilele chake. Saa tano usiku mtu anaona hakuna dalili, anaamua kwamba alichouziwa ni feki, anameza cha pili. Mafuta yakishapungua tumboni, vidonge viwili vinakutana kwenye damu ambayo imeshajaa pombe. Huyo hakukusudia kuzidisha dozi. Amefikishwa huko na mlo na vinywaji, kisha amelaumu dawa.

Sasa hilo la "bila cheti". Dawa hii huhitaji cheti cha daktari, na sababu si urasimu. Duka likikupa kidonge kimoja kilichokatwa kwenye karatasi yake, jina na nguvu yake vimebaki dukani. Hujui kama ni sildenafili, inayopungua nusu ndani ya saa nne hivi, au tadalafili, inayoendelea kufanya kazi hadi saa 36, yaani bia za Jumapili nazo zitaikuta. Wanaokimbilia unga, asali na vinywaji vya "asilia" wakiamini wamekwepa kemikali hawajakwepa chochote. Mamlaka ya dawa ya Marekani imekuta sildenafili isiyotajwa kwenye lebo katika bidhaa nyingi za aina hiyo. Karibu na kwetu, mwishoni mwa mwaka 2018 mnywaji wa Uganda alilalamika kwamba kinywaji cha kuongeza nguvu kilichotengenezwa Zambia kilimtoa jasho na kumsimamisha uume kwa saa nyingi. Vipimo vilionyesha kilikuwa na sildenafili. Na vinywaji vya aina hiyo ndivyo vijana wanavyochanganyia pombe kali.

Lipo jambo moja ambalo halina mjadala wa chupa ngapi. Kidonge hiki hakichanganywi kabisa na dawa za moyo za jamii ya naitreti, kama nitrogliserini inayowekwa chini ya ulimi. Presha huweza kuporomoka kiasi cha kuua. Mtu akishikwa na maumivu ya kifua usiku huohuo, lazima mhudumu wa hospitali aambiwe kilimezwa nini na lini: naitreti hazitolewi hadi zipite saa 24 baada ya sildenafili, au saa 48 baada ya tadalafili. Mlevi hawezi kujieleza vizuri, na mwenye aibu hasemi. Mwenzi wako ajue, hata kama mazungumzo hayo ni magumu. Anayetumia dawa za VVU zenye ritonavir naye asijipimie mwenyewe, kwani ritonavir hupandisha sildenafili kwenye damu mara nyingi sana, na hata antibiotiki ya kawaida kama erithromaisini huipandisha.

Kwa upande wako, ndugu yangu, amlodipini haikuzuii kutumia dawa hii. Wengi hutumia zote mbili chini ya uangalizi, na mara nyingi daktari huanza na dozi ndogo. Usijaribu kuruka kidonge cha presha Jumamosi ili kupisha kingine. Presha isiyodhibitiwa, pamoja na kiharusi inachoweza kuleta, ni hatari kubwa. Tena kupungua nguvu kwa mwaka mzima, kwa mtu wa miaka 52 mwenye presha, huenda ni dalili ya mishipa ya damu kuanza kuziba. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo huweza kulalamika miaka kadhaa mapema. Unywaji mwingi wa miaka nao hushusha homoni za kiume na kuharibu mishipa ya fahamu, kwa hiyo bia unazotaka kuzilinda zinaweza kuwa sehemu ya kilichokufikisha hapa.

Nenda kliniki kabla ya Jumamosi ijayo. Omba upimwe presha, sukari na lehemu, taja dawa zote unazotumia pamoja na idadi halisi ya chupa, na beba pakiti ya kidonge cha rafiki yako kama unayo. Daktari akikuandikia dawa, siku ya kuimeza usinywe pombe. Ukishindwa kabisa, chupa isizidi moja. Uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kulegea, au kifua kikabana, au macho yakapoteza nuru ghafla, nenda hospitali usiku huohuo na uwaambie ulichomeza.