Kalipa Gani Tununue?

Wengi wetu tunaijua kalipa ya vernia kwa ajili ya mtihani wa Fizikia tu. Lakini hebu tembea kando ya Mto Tana, uone zile pampu zinazonyunyizia mashamba ya ndizi na mapapai. Beringi ikifa, pampu husimama na shamba hukauka. Ukiagiza spea Nairobi, karibu kilomita 370, halafu ikaja isiyoingia, unaanza upya huku jua likiwaka.

Beringi huwa na namba. Tuseme ni 6205. Chukua 05, zidisha kwa 5, upate tundu la milimita 25. Sasa 6305 nayo ina tundu lile lile! Kwa hivyo anayepima tundu peke yake atapotea. Pima kipenyo cha nje: 6205 ni milimita 52, na 6305 ni milimita 62. Upana ni 15 kwa 17.

Basi tununue kalipa gani? Ile ya saa ina meno madogo ndani, na mchanga wetu mnaujua. Ya dijitali ni tamu kusoma, ila betri yake ikiisha jioni, kazi inalala. Ya plastiki hupinda. Hiyo ni ya kuchezea. Mimi ningechukua vernia ya chuma, urefu wa milimita 150, inayosoma hadi 0.05. Mfaransa Pierre Vernier alieleza kipimo hiki mwaka 1631, na hakihitaji betri.

Kabla ya kulipa, funga taya uzielekeze kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati, mrudishie mwenye duka. Sufuri nayo ikae juu ya sufuri.

Wengine husema ati joto la Garissa huharibu vipimo. Wapi! Chuma cha milimita 25 kikiongezewa nyuzi 20 hutanuka kama milimita 0.006 tu, na kalipa hii haioni hivyo. Adui ni vumbi. Pangusa taya kila mara.

Tuseme umepima shafti: sufuri ya vernia imepita 24, na mstari wa 18 umelingana. 18 mara 0.05 ni 0.90, kwa hivyo ni milimita 24.90. Shafti imelika. Beringi mpya itaingia kwa mkono, lakini itakuwa ikiteleza juu yake, na punde itakufa tena. Hapo usinunue beringi kwanza. Peleka shafti kwa fundi wa kukereza vyuma.