SOMO LA KUMI NA NNE: KUUTAZAMA MWAMBA WA MATUMBAWE

Katika somo lililopita tulijifunza jinsi mimea inavyojitengenezea chakula kwa msaada wa mwanga wa jua. Leo tutakwenda baharini, nasi tutamkuta huko kiumbe wa ajabu. Ukimtazama utadhani ni jiwe. Mwili wake ni wa mnyama. Na sehemu kubwa ya chakula chake hutokana na mimea inayoishi ndani ya mwili huo. Kiumbe huyo ni tumbawe.

Ikiwa unakaa pwani, bila shaka umekwisha kuyaona mawe yake. Nyumba nyingi za zamani za Unguja, Mombasa na Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa ya kuta zake ilipatikana kwa kuyachoma mawe hayo hayo. Ikiwa unakaa bara, usidhani kwamba somo hili halikuhusu. Majaribio yake mawili utaweza kuyafanya kwa maji ya kisimani.

Mahali tutakapokwenda ni kisiwa cha Chumbe, kiasi cha kilomita 12 kusini mwa Mji wa Zanzibar. Ni kisiwa kidogo chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904 ili kuongoza meli. Upande wake wa magharibi upo mwamba wa matumbawe ulio hai. Kwa miaka mingi wavuvi hawakuvua sana upande huo, kwa kuwa upo karibu na njia ya meli ziendazo na kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1991 Bibi Sibylle Riedmiller alianza juhudi za kuuhifadhi, na mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikautangaza mwamba huo kuwa hifadhi. Tangu hapo ni marufuku kuvua pale, kutia nanga, au kuokota hata kombe moja. Wataalamu wamehesabu aina zipatazo 200 za matumbawe katika hifadhi hiyo, na zaidi ya aina 400 za samaki.

Walinzi wa Chumbe wengi wao walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Hawachukui bunduki. Mvuvi akiingia katika hifadhi, humwendea kwa mashua, humsalimu, na kumweleza kwa nini mahali pale hapavuliwi. Walinzi hao hao ndio viongozi wa wageni na wa wanafunzi wanaopelekwa kisiwani kujifunza. Hakuna anayeingia majini peke yake.

Vifaa vya kutazamia

Kiongozi atakupa vifaa vitatu: miwani ya kuogelea inayofunika macho na pua, bomba fupi la kupumulia, na mapezi ya mpira ya kuvaa miguuni. Asiyejua kuogelea vizuri hupewa pia jaketi la kuelea. Tuvichunguze vifaa viwili vya kwanza, maana ndani yake mna sayansi nyingi.

Ukifungua macho ndani ya maji utaona kila kitu kimekuwa kama ukungu. Sababu ni hii. Mwanga unapotoka hewani na kuingia katika jicho hupinda, na kupinda huko ndiko kunakosaidia picha iangukie vizuri nyuma ya jicho. Lakini mwanga ukitoka majini na kuingia katika jicho hupinda kidogo tu, kwa sababu jicho lenyewe limejaa majimaji. Miwani hurudisha hewa mbele ya jicho, nawe utaona vizuri tena. Hata hivyo mwanga bado hupinda unapotoka majini na kuingia katika hewa iliyo ndani ya miwani.

Jaribio la 1. Tia sarafu katikati ya bakuli lisilopitisha mwanga. Rudi nyuma polepole hadi ukingo wa bakuli uifiche sarafu. Simama hapo hapo bila kusogea, na mwenzako amimine maji bakulini taratibu asiisukume sarafu. Unaona nini?

Sarafu imetokea, kana kwamba imeinuliwa. Haikuinuliwa, mwanga unaotoka kwake umepinda ulipofika kwenye uso wa maji. Vivyo hivyo, samaki aliye mita 4 mbele ya miwani yako huonekana kama yuko mita 3 tu, naye huonekana mkubwa kuliko alivyo. Ukisikia mtu aliyetoka majini akiapa kwamba amemwona chewa mkubwa kama mbuzi, mpunguzie kidogo.

Sasa tulitazame bomba. Urefu wake haufiki nusu mita. Wanafunzi wengi huuliza: kwa nini lisiwe na urefu wa mita 2, ili mtu aweze kukaa chini pamoja na samaki?

Jaribio la 2. Jaza ndoo maji. Ingiza mkono wako katika mfuko mwembamba wa nailoni usio na tundu, kisha uzamishe mkono huo polepole, lakini mdomo wa mfuko ubaki juu ya maji. Unasikia nini mkononi?

Mfuko umekubana pande zote, kwa maana maji yana uzito nayo husukuma. Kina kinapozidi, msukumo nao huzidi. Katika kina cha mita 1, kila sentimita ya mraba ya kifua chako husukumwa na uzito wa gramu 100 zaidi. Tuseme kifua chako kina upana wa sentimita 30 na urefu wa sentimita 30. Hiyo ni sentimita za mraba 900, na msukumo wake ni sawa na uzito wa kilo 90, karibu mifuko miwili ya saruji. Misuli ya kifua haiwezi kuuinua uzito huo ili kuvuta hewa kutoka juu. Tena katika bomba refu hewa uliyoitoa haitoki yote. Ungeivuta ile ile iliyokwisha kutumika. Kwa sababu hizo mwenye bomba hubaki akielea juu, uso ukiwa majini na mgongo ukielekea jua. Usilijaribu jambo hili kisimani, mtoni wala baharini bila mtu mzima anayejua kazi hiyo.

Ndani ya maji

Kabla ya kuondoka, kiongozi huangalia maji. Maji yakiwa yamekupwa sana, hasa siku za bamvua, kina juu ya mwamba huwa kidogo na tumbo la mwogeleaji huweza kukwaruza matumbawe. Husubiri basi maji yajae kiasi. Atakushauri pia uvae shati lenye mikono, kwa kuwa jua huuchoma mgongo uliolowa bila mtu kujua. Shati ni bora kuliko mafuta ya kujipaka, maana baadhi ya mafuta hayo yana kemikali zinazoweza kuyadhuru matumbawe.

Sasa laza mwili, nyosha miguu, pumua polepole kwa mdomo. Piga mapezi taratibu. Usisimame. Ukichoka, shika boya la kiongozi.

Tazama chini. Yapo matumbawe ya mviringo kama mawe makubwa, yapo yaliyotawanyika kama matawi ya mti, na mengine yametandaza sahani pana kama sinia. Samaki aina ya pono wanayatafuna mawe kwa meno yao magumu. Ukitulia utausikia mlio wake. Pono hukwangua mwani unaoota juu ya mawe, na jiwe lililosagwa tumboni mwake hutoka likiwa mchanga. Mchanga mweupe unaoupenda ufukweni, sehemu yake imepitia tumboni mwa pono. Chini ya sahani amejificha chewa. Mbele kidogo yupo mnyama wa mviringo mwenye miiba mirefu myeusi kama nungunungu mdogo. Huyo ni mmoja wa sababu za kutokukanyaga popote.

Tumbawe ni nini?

Sogea karibu, lakini usiguse. Juu ya jiwe utaona vitundu vidogo vingi vilivyopangana. Katika kila kitundu anaishi mnyama mdogo mlaini aitwaye polipi. Ana mdomo mmoja uliozungukwa na vijikono, na usiku huvinyosha ili kukamata viumbe wadogo wanaopita na maji. Polipi hujijengea kiti kigumu cha chokaa chini yake. Maelfu ya polipi wakijenga pamoja, kizazi baada ya kizazi, hutokea mwamba. Kwa hiyo jiwe ni nyumba, nao wenyeji wanaishi kwenye ngozi ya juu tu.

Ndani ya mwili wa polipi mna mimea midogo sana ya jamii ya mwani, isiyoonekana kwa macho matupu. Kumbuka somo la usanisinuru. Mimea hiyo huchukua mwanga wa jua na hewa ya kaboni dayoksaidi, ikatengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humpa mwenye nyumba. Naye polipi huipa mahali pa kukaa na mbolea itokayo katika taka za mwili wake. Rangi nyingi za kahawia na kijani unazoziona ni za mimea hiyo. Sasa utaelewa kwa nini matumbawe ya mwamba hupenda maji maangavu yasiyo na kina kirefu.

Jaribio la 3. Tafuta kipande cha jiwe la matumbawe penye ujenzi. Ukikosa, tumia ganda la konokono au la yai. Dondoshea maji ya ndimu. Mapovu yatakayotoka ni hewa ya kaboni dayoksaidi, inayotokea chokaa inapokutana na asidi ya ndimu. Usilivunje tumbawe lililo hai kwa jaribio hili.

Gharama ya teke moja

Tumbawe la mviringo hukua kiasi cha sentimita 1 tu kwa mwaka. La matawi huenda mbio zaidi, na aina nyingine hurefuka sentimita 10 au zaidi. Fikiri sasa juu ya tumbawe la mviringo lenye kimo cha mita 1: lilianza kujengwa kabla bibi yako hajazaliwa. Mgeni mmoja akisimama juu yake ili arekebishe miwani, huwaponda polipi chini ya nyayo zake, na mahali palipojeruhiwa mwani huweza kuota na kuwazuia wasirudi. Pezi likipiga mchanga, mchanga huo hutua juu ya polipi na kuwakinga na mwanga. Wanaweza kujisafisha kwa ute, lakini kazi hiyo huwamaliza nguvu. Baruti ni mbaya kuliko yote: mlipuko mmoja wa mvuvi haramu huua samaki wakubwa na vifaranga pamoja, na kuugeuza mwamba wa karne nzima kuwa kokoto.

Huenda utauliza, faida gani anaipata mvuvi anayekatazwa kuvua? Samaki wa mwamba huzaa katika hifadhi wakiwa wakubwa, na samaki mkubwa hutaga mayai mengi mno kuliko mdogo. Mayai na vifaranga huchukuliwa na mikondo hadi nje ya hifadhi, na baadhi ya samaki wazima huhama wenyewe. Hao huvuliwa kwa halali. Lakini manufaa hayo hayatokei kwa mwezi mmoja, na mvuvi mwenye watoto nyumbani anahitaji kitoweo leo. Ndiyo sababu walinzi wa Chumbe hutumia muda mwingi katika mazungumzo.

Lipo jambo moja ambalo mlinzi hawezi kulizuia kwa mashua yake. Maji yakipata joto la kupita kawaida, hata kwa nyuzi 1 au 2 tu, na joto hilo likadumu kwa majuma kadhaa, mimea ile midogo huharibikiwa, na polipi huitoa mwilini. Tumbawe hubaki jeupe kama mfupa. Hali hiyo huitwa kupauka. Tumbawe lililopauka bado li hai, lakini lina njaa. Joto likipungua mapema huweza kupona, likiendelea hufa. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipauka na kufa, na yale ya Chumbe nayo yalipauka. Mwaka 2016 yakapauka tena: mengine yalikufa, mengine yakapona. Bahari inazidi kupata joto kwa sababu binadamu, hasa katika nchi zenye viwanda vingi, wanachoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka huzuia joto lisitoroke duniani.

Hata hivyo kazi ya walinzi haipotei. Watoto wa matumbawe huelea baharini kwa siku chache, kisha hutafuta jiwe gumu na safi la kushika. Mwamba uliovunjwavunjwa huwa na kokoto zinazobiringika, na mwamba usio na pono hufunikwa na mwani. Mwamba wa Chumbe una mawe imara, na pono wengi wa kuyasafisha. Walinzi pia huwaondoa viti vya pweza wenye miiba, ambao hula polipi na huweza kuharibu eneo kubwa wakiongezeka.

Maswali

1. Kwa nini hatuoni vizuri tunapofungua macho ndani ya maji bila miwani?
2. Samaki anaonekana yuko mita 6 mbele ya miwani yako. Je, yuko mita ngapi kwa kweli? (Tumia mfano uliotolewa katika somo.)
3. Tumbawe la mviringo hukua sentimita 1 kwa mwaka. Tumbawe lenye kimo cha sentimita 64 lilianza kukua miaka mingapi iliyopita?
4. Eleza polipi anaipa nini mimea iliyomo mwilini mwake, na mimea hiyo inampa nini polipi.
5. Wavuvi wakiwamaliza pono wote wa mahali fulani, matumbawe ya mahali hapo yatapatwa na nini baada ya miaka mingi?
6. Ikiwa kwenu ni pwani, mwulize mvuvi mzee ni samaki gani aliowavua alipokuwa kijana ambao siku hizi hawaoni, na alikuwa akiwapata wapi. Ikiwa kwenu ni bara, mwulize mzee swali hilo hilo juu ya ziwa au mto ulio karibu. Andika majibu yake katika daftari lako na uyasome darasani.