Kikohozi: Kikombe cha Jikoni Kinafaa, Lakini Hesabu Siku na Pumzi

Ingia hoteli yoyote mjini Litein mvua ya alasiri ikinyesha na utasikia mteja akiagiza "dawa moja". Haletewi tembe wala sindano. Analetewa kikombe cha maji moto yenye tangawizi, ndimu na asali, anakunywa, koo linapata nafuu, anarudi kazini. Jina hilo limezoeleka kote nchini na halina ubaya. Taabu huanza nyumbani, pale mtu anapoliamini jina kuliko mwili wake, akaendelea kunywa "dawa" wiki ya tatu huku anakonda, au akampa mtoto anayehema kwa shida akisubiri kupambazuke.

Makala haya yanaeleza kile ambacho vitu vya jikoni vinaweza kufanya kwa kikohozi, namna ya kuvitumia, na siku ambayo mkazi anapaswa kuacha sufuria na kwenda kituo cha afya.

Vikohozi vingi vinavyotupata msimu wa baridi husababishwa na virusi vya mafua. Mwili wenyewe huvishinda, na kikohozi huisha kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi tatu. Dawa za antibiotiki haziui virusi. Mkazi anayenunua vidonge vinne vya rangi mbili dukani kila anapokohoa anapoteza pesa, na pia anawapa bakteria wa mwilini mwake nafasi ya kuzoea dawa ambayo siku moja ataihitaji kweli.

Kati ya vitu vyote vya jikoni, asali ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi. Mwaka 2007 watafiti wa Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti wa watoto 105 wenye umri wa miaka 2 hadi 18 waliokuwa wakikohoa usiku. Wengine walipewa asali nusu saa kabla ya kulala, wengine dawa ya kikohozi ya dukani, wengine hawakupewa kitu. Kwa maelezo ya wazazi, waliopewa asali walikohoa kidogo zaidi na kulala vizuri zaidi kuliko wasiopewa kitu. Shirika la Afya Duniani nalo limekuwa likishauri kwa miaka mingi kwamba koo la mtoto mwenye kikohozi cha kawaida litulizwe kwa kitu salama cha nyumbani badala ya kukimbilia shira za dukani. Ushauri huo ulipata uzito mwaka 2022, pale makumi ya watoto walipofariki nchini Gambia baada ya kupewa shira zilizochafuliwa kwa kemikali zinazoharibu figo.

Kipimo kilichotumika katika utafiti ule ni rahisi kukumbuka: nusu kijiko cha chai kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5, kijiko kimoja kwa wa miaka 6 hadi 11, na viwili kwa aliyezidi hapo. Wakati mzuri ni jioni, kabla ya kulala. Wakipsigis wamefuga nyuki tangu zamani na wengi wetu tumekua tukijua thamani ya kumiat, kwa hiyo hili si jambo geni kwetu. Nunua kwa mfugaji au muuzaji unayemfahamu, kwa sababu chupa nyingi zinazouzwa kando ya barabara ni sukari iliyochemshwa tu.

Kuna sharti moja lisilo na mjadala. Mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kulambishwa kidole. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Tumbo la mtu mzima huzidhibiti, lakini kwenye utumbo wa mtoto mchanga zinaweza kuota na kutoa sumu inayolegeza misuli, hadi ile ya kupumulia. Wapo wanaodhani kuichemsha asali kunatosha. Hakutoshi. Mbegu hizo hustahimili maji yanayochemka, na katika miinuko hii ya Kericho iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa na joto la takriban nyuzi 93 tu. Mtoto wa umri huo atulizwe kwa kunyonya mara nyingi zaidi.

Sasa kikombe chenyewe. Osha kipande cha tangawizi kinacholingana na kidole gumba, kiponde au ukikate vipande vyembamba, ukichemshe katika vikombe viwili vya maji kwa dakika kumi. Chuja. Acha kipoe hadi kiweze kunyweka bila kuunguza mdomo, ndipo ukamulie nusu ndimu na kutia kijiko cha asali. Tangawizi na ndimu haziui ugonjwa. Maji ya vuguvugu hulainisha koo na kamasi, na ule ukali wa tangawizi hupunguza mwasho. Kitunguu saumu ni chakula kizuri, ila ushahidi wake kwa kikohozi ni mdogo, na harufu yake mnaijua.

Kusukutua kwa maji ya chumvi nako kunasaidia koo linalouma: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji vuguvugu, sukutua, tema. Ni kwa watu wazima na watoto wakubwa wanaojua kutema.

Wengine waende polepole na kikombe hiki. Mwenye kisukari akumbuke kwamba asali ni sukari. Mwenye kiungulia atazidishiwa na ndimu, na mara nyingine kiungulia hicho hicho ndicho kinachomkohoza usiku. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kabla ya kunywa tangawizi na saumu nyingi kila siku. Pia kuna kikohozi kikavu ambacho huletwa na dawa ya shinikizo la damu iitwayo enalaprili na zile za jamii yake. Mzee anaweza kunywa tangawizi miezi mitatu bila nafuu kwa sababu chanzo kiko kwenye pakiti yake ya kila asubuhi. Asiiache mwenyewe, aende nayo kliniki na abadilishiwe.

Kujifukiza kwa blanketi juu ya sufuria, jambo lililoenea sana mwaka 2020, tunalikataza kwa watoto. Faida yake ni ndogo, na maji moto yakimwagika mapajani hatari yake ni kubwa. Mafuta taa yasinyweshwe mtu yeyote, hata tone moja. Yakiingia mapafuni huyachoma na kuleta nimonia ambayo mgonjwa hakuwa nayo.

Jiko lenyewe pia liangaliwe. Moshi wa kuni ndani ya chumba kisicho na dirisha hukohoza mama na mtoto aliye mgongoni, na hakuna asali itakayoshinda moshi wa kila siku. Kuni zilizokauka vizuri, dirisha lililo wazi na mtoto kukaa mbali na moto vinapunguza madhara kuliko watu wanavyofikiri.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, jambo la kuchunguza zaidi ni kupumua kwake. Nimonia ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi wa umri huo, na inaanza ikifanana na mafua. Mzazi anaweza kuitambua mapema akiwa na simu yenye saa. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Pandisha nguo uone kifua na tumbo. Hesabu kila tumbo linapoinuka kwa dakika moja nzima. Ukipata 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi kumi na moja, au 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, anapumua haraka kupita kiasi. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Nimonia ya bakteria ikikamatwa mapema hutibiwa kwa tembe za amoksilini zinazoyeyushwa kwenye maji.

Usisubiri hata kuhesabu ikiwa nyama ya chini ya mbavu inazama ndani anapovuta pumzi, ikiwa hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na ni vigumu kumwamsha. Huyo ni wa hospitali mara moja, usiku au mchana. Kwa walio karibu na Litein kuna Hospitali ya AIC Litein mjini na hospitali ya kaunti iliyo Kapkatet. Mhamasishaji wa afya wa kijiji chako anaweza kukusaidia kutambua dalili hizi na kukuelekeza.

Kwa mtu mzima, hesabu siku. Kikohozi kilichopita wiki mbili kipimwe kifua kikuu, hasa kikiwa na jasho la usiku, homa, kupungua uzito au maumivu ya kifua. Ukiona damu kwenye makohozi, usingoje wiki ziishe. Vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya umma. Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita, na huu muda mfupi una historia yake hapa kwetu: majaribio yaliyothibitisha kwamba miezi sita inaweza kutosha yalifanywa kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, na matokeo yake ya kwanza yakachapishwa mwaka 1972. Kabla ya hapo mgonjwa alitibiwa mwaka mmoja na nusu au zaidi.

Wengi huogopa kipimo kwa sababu ya majirani watakavyosema. Anayeambukiza wengine ni mgonjwa asiyetibiwa, anayelala chumba kimoja na wanawe akidhani amepigwa na baridi ya shambani. Akianza dawa na kuzimeza ipasavyo, uwezo wake wa kuambukiza hupungua haraka.

Ukipewa kikopo cha makohozi uende nacho nyumbani, kitumie asubuhi unapoamka. Sukutua kinywa kwa maji matupu, toka nje mahali penye hewa mbali na watu, vuta pumzi ndefu mara mbili, kisha kohoa kutoka kifuani. Mate hayatoshi. Funika kikopo vizuri na ukifikishe maabara asubuhi hiyo hiyo.